Kubana bomba hakuongezi presha

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Nina nyumba ya chini Goba. Simtank la lita 2,000 liko juu ya mnara wa mita 3, lakini maji ya shawa yanachuruzika tu. Fundi anasema ninunue la lita 5,000 ili uzito wa maji usukume, halafu kwenye mdomo wa tanki tuweke ridyusa, kile kiungio cha kupunguza kipenyo cha bomba, tutoke inchi moja twende nusu inchi mpaka bafuni, maji yabanwe yapate nguvu. Nianze na lipi?

JIBU: Usianze na lolote, ndugu yangu.

La tanki tulimalize haraka. Presha inatokana na kimo cha maji, si wingi wake. Mita 10 za kimo zinakupa presha ya takriban bar 1, yawe maji ya simtank kubwa au ya mpira mwembamba uliosimama wima. Shawa yako nadhani iko mita 2 toka chini, kwa hiyo tanki likikaribia kuisha umebakiwa na mita 1, yaani sehemu ya kumi ya bar. Kidogo sana. Na lita 5,000 ni tani 5. Huo mnara ulijengewa tani 2.

Sasa ridyusa. Hii ndiyo inayonikera, maana kila wiki naikuta kwa mtu, na kila fundi ana ushahidi uleule: “Mbona ukiziba mdomo wa mpira kwa kidole maji yanaruka mbali?” Yanaruka, kweli. Lakini weka ndoo uone: itachelewa kujaa. Ulichofanya ni kupunguza maji yanayopita. Ndani ya mpira yakaanza kwenda polepole, msuguano ukapungua, na presha iliyokuwa ikipotea njiani ikafika karibu yote kwenye kidole. Kidole hakikuzalisha kitu. Tena kidole kiko mwishoni, mahali pafupi sana. Fundi wako anataka kubana mwanzoni, kisha maji yakwaruze kuta za bomba la nusu inchi njia nzima. Kwa kiasi kilekile cha maji, ukipunguza kipenyo kwa nusu, upotevu wa presha unapanda takriban mara 30. Wewe hata tanki likijaa huna mita 3 za kuchezea!

Fanya hivi. Chukua ndoo ya lita 20, pima muda wa kujaa kwenye koki iliyo chini ya mnara, kisha kwenye koki ya bafuni iliyo kimo hichohicho. Ya bafuni ikichelewa sana, kuna kitu kinakula presha njiani: valvu iliyofunguka nusu, elbo nyingi, au bomba lililopandishwa darini likanasa hewa pale juu. Zikilingana, fungua kichwa cha shawa. Kama unatumia kisima chenye chumvi, matundu yatakuwa yameziba ukoko mweupe. Loweka kwenye siki. Bado? Basi ni kimo. Pandisha mnara, ukisimamiwa na mtu anayejua nondo, au funga pampu ndogo baada ya tanki.

Nasema baada ya tanki kwa sababu najua ushauri unaofuata. Ridyusa ikishindwa, fundi huyohuyo atakwambia ufunge pampu moja kwa moja kwenye bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, uvute. Hapo kweli utapata maji, ila utakuwa umeyapora kwa jirani. Maji yametoka mto Ruvu, yamesukumwa hadi kwenye matanki yaliyo mwinuko, kisha yanashuka mitaani kwa mserereko. Siku ya mgao bomba la mtaani halijai vizuri. Pampu yako ikivuta, presha ndani ya bomba inashuka chini kuliko ya nje, na penye ufa maji ya nje yanaingia. Sasa fikiria bomba lililopita karibu na shimo la choo, na mvua za masika zimejaa mtaani. Pampu haichagui inachovuta, na mtaa mzima unakinga kwenye bomba hilohilo. Ndiyo maana ukiniita kwako nikakuta pampu imeungwa kwenye laini ya mtaa, kazi ya kwanza ni kuing'oa. Maji ya DAWASA yaingie yenyewe kwenye tanki la chini lenye boya la kufunga maji likijaa, na pampu inyonye kutoka humo.