Gego Likinyamaza Ghafla, Usishangilie

Ramadhani iliyopita nilifuturu kwa upande mmoja wa mdomo. Gego la chini kulia lilikuwa limetoboka, na uji wa moto ulinipiga mpaka sikioni. Usiku ndio balaa: nikilaza kichwa tu, linaanza kudunda. Shangazi akanisagia karafuu. Inatuliza kweli, sikatai, lakini utulivu wake wa saa chache. Kilichooza ndani hakiguswi.

Siku ya nane maumivu yakakatika. Nikajua nimepona, nikarudi barazani kwa halua na kahawa tungu. Hapo ndipo nilipojidanganya.

Ndani ya jino kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Bakteria wakikifikia, kinavimba, na kwa kuwa kimezungukwa na kuta ngumu hakina pa kutanukia. Ndiyo maana maumivu yake hayana mfano. Kikishakufa, hisia zinakwisha. Bakteria hawakomi hapo: wanashuka hadi ncha ya mzizi na kuanza kuharibu mfupa wa taya. Mimi baada ya wiki mbili niliota kipele kwenye ufizi, kinatoa usaha wa chumvichumvi. Nikajinunulia amoksilini. Kipele kikanywea, kikarudi. Dawa husafiri na damu, na kiini kilichokufa hakipitiwi na damu.

Nilipokwenda kliniki nilikuwa nimeshakubali kung'olewa. Daktari akatazama eksirei akasema mizizi ingali imara, kitolewe kiini tu, jino libaki. Ndiyo hiyo ruti kanali ambayo majirani zangu Majengo walikuwa wamenitia hofu nayo. Kilichouma ni sindano ya ganzi, basi. Alilizungushia jino kipande cha mpira, akatoboa juu, akasafisha mifereji mitatu iliyomo ndani ya mizizi kwa vijitupa vyembamba kama sindano, huku akiiosha kwa dawa ya jamii moja na ile tunayong'arishia kanzu nyeupe (msijaribu nyumbani, jamani). Akatia dawa, akaziba kwa muda. Wiki iliyofuata akaijaza mifereji gutapacha, kitu kama mpira kinachotokana na utomvu wa mti. Siku tatu nne nilikuwa nikiling'atia linauma kidogo, kisha likatulia.

Watu wengi wanachoruka ni kofia ya jino, kile kifuniko kigumu linachovikwa jino baada ya matibabu. Gego lililochimbwa hubaki kuta nyembamba, na ndilo hilo unalotafunia. Jirani yangu mmoja alimaliza matibabu, akasema kofia atavaa akipata pesa. Kashata ikalipasua jino katikati, na sasa limeng'olewa, gharama zote zimekwenda na maji. Kwa hiyo unapouliza bei, uliza ya kofia papo hapo, kabla hujakaa kwenye kiti. Kung'oa ni rahisi zaidi, najua, lakini shangazi mwenyewe ndiye aliyenikumbusha kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Ila kama mzizi umepasuka, usibishane na daktari, hilo ling'olewe.

Na ukiona uvimbe unashuka shingoni, au una homa, humezi vizuri, mdomo haufunguki, usingoje miadi ya Jumatatu. Panda tuktuk uende hospitali usiku huohuo.