Tochi za Njia ya Moshi na Bei ya Bima Yangu

Mwaka ule nilikuwa nashuka Moshi mara tatu kwa wiki, nikapigwa tochi, kile kifaa cha polisi cha kupima mwendo, mara sita. Anayeijua barabara ile hatashangaa. Toka Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, lakini vibao vya 50 vinakufuata kila penye nyumba: Tengeru, Usa River, Kikatiti, Boma Ng'ombe. Unatoka kwenye kimoja, unakanyaga mafuta kidogo, mara afande mwenye nguo nyeupe anakunyooshea mkono kutoka chini ya mti. Kila kosa 30,000. Mara sita, 180,000, na hapo sijahesabu muda niliopoteza nikijieleza.

Bima ilipokaribia kuisha nikaingiwa na hofu. Binamu yangu anayeishi Marekani alishaniambia kwamba huko kampuni za bima huchungulia rekodi ya dereva, na kosa moja la mwendokasi linaweza kukupandishia malipo miaka kadhaa. Nikaenda kwa wakala wangu mnyonge kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Yule dada akaniuliza mambo matatu tu: gari lina thamani gani, linafanya kazi gani, na kama nimedai fidia mwaka uliopita. Tochi hakuzigusa. IST yangu tuliikadiria milioni 12. Bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, kwa asilimia 3.5 ni 420,000, ukiweka VAT ya asilimia 18 inakuwa 495,600. Nikalipa, nikatoka kifua mbele, nikaendelea na mwendo wangu uleule.

Miezi miwili baadaye, asubuhi, pale kipilefti ya Impala, Arusha, niliona Noah iliyo mbele yangu imeanza kuondoka. Nami nikaondoka, huku macho nimeyapeleka kulia kutazama wanaokuja. Kumbe mwenzangu amesita. Nikamwingia nyuma. Trafiki akaja, akapima, akachora, mwenye kosa nikaandikwa mimi. Bima ililipa, sina malalamiko, ila kuna kiasi cha mwanzo ambacho mkataba unasema unabeba mwenyewe, na mwaka uliofuata lile punguzo wanalopewa wasiodai fidia likafutwa. Nilipojumlisha hivyo viwili, zile faini sita zikaonekana hela ya chai.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kama faini za trafiki zinapandisha bima, namjibu kwamba mimi hazikunipandishia hata shilingi. Ila haraka iliyoniletea faini ndiyo iliyonipeleka kwenye bampa ya Noah, na hiyo bima inaihesabu.

Faini zenyewe lipa mapema, maana ukichelewa zinaongezeka, na deni linasomeka kwenye namba ya gari. Ukitaka kununua gari la mkononi, ingiza namba yake kwenye mfumo wa trafiki kabla hujatoa pesa. Stika ya bima nayo ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Ni kazi ya dakika moja kwenye simu.

Sasa kuna ujanja ambao wengi wetu tunaufanya tukitafuta unafuu, nami nilikaribia kuufanya: kushusha thamani ya gari. Gari ni la milioni 12, unaandika 7, bima inashuka, unafurahi. Siku ukigonga na matengenezo yakafika milioni mbili, kampuni inaweza kukwambia umelikatia bima saba ya kumi na mbili, basi na fidia yako ni saba ya kumi na mbili. Hapo unapata kama 1,167,000, kabla hawajakata ile sehemu yako ya kubeba. Uliokoa chini ya laki mbili na nusu, sasa unatafuta zaidi ya laki nane za kumalizia kwa fundi.

Shemeji yangu wa Moshi alikuja na mwingine. Gari lake lina bima ya matumizi binafsi, lakini jioni analibebea abiria wa kulipa. Nilimwambia, shemeji, siku ya ajali swali la kwanza litakuwa wale watu wa siti ya nyuma ni akina nani. Alicheka. Bado anabeba.

Ukitaka unafuu wa kweli, usikimbilie kudai kila mkwaruzo. Taa ya nyuma ikipasuka, malizana na fundi, punguzo lako libaki. Na gari likishachoka sana, kwa maoni yangu bima ndogo ya 118,000 inatosha, mradi ujue inamlipa uliyemgonga. La kwako utalinyoosha bodi kwa mfuko wako. Leseni itazame tarehe leo hii, si siku ya kudai. Na pombe hata tusiijadili.

Siku hizi natoka nyumbani nusu saa mapema. Kikatiti napita na 48, na kosta iliyo nyuma yangu inapiga honi mpaka kibao kiishe. Ipige tu. Punguzo langu limerudi, na sasa lina miaka miwili.