Kwa anayeanza kutengeneza ngoma na manyanga ya makopo

Wengi wanaoanza kazi hii hukimbilia rangi na gundi. Nakuomba uanze na sikio. Chukua kopo tupu, lishike kwa vidole viwili ukingoni, uligonge. Sasa lizungushie kiganja kizima, uligonge tena. Sauti imezimika, kwa sababu kiganja kimezuia bati lisitetemeke. Gundi nyingi na karatasi nene ya mapambo huzima sauti vivyo hivyo, kwa hiyo pamba kidogo, tena mwishoni kabisa.

Manyanga ndiyo rahisi. Weka punje hadi robo ya kopo, usizidi theluthi, maana punje zisipopata nafasi ya kuruka hazilii. Mchele hutoa mlio laini. Mahindi na maharage hugonga kwa nguvu. Punje zilezile ukizihamishia kwenye chupa ya plastiki, ukali unapungua. Hakikisha zimekauka vizuri zisije zikaota ukungu. Funga kwanza kwa selotepu, tikisa, ongeza au punguza, na ukiridhika ndipo ugandishe kwa gundi.

Ngoma inataka subira. Kata shingo ya puto, livute juu ya mdomo wa kopo, kaza kwa mpira wa kufungia na uzungushie selotepu. Kama huna puto, pitisha selotepu pana ya maboksi kutoka ukingo hadi ukingo, vipande vikipishana, kila kimoja kikivutwa hasa, kisha urudie tabaka la pili. Ngozi ikilegea, ngoma inakohoa tu. Ukitaka sauti nzito tafuta kopo pana zaidi, na utoe kitako ili hewa ipite.

Ninachokipenda kuliko vyote ni vipande vya bomba la chuma, kwa sababu hapo unapata noti za kweli. Bomba likigongwa hupinda na kurudi, lakini lina sehemu mbili ambazo karibu hazisogei: kila moja iko takriban asilimia 22 ya urefu kutoka kwenye ncha yake. Kwa bomba la sentimita 60, hiyo ni kama sentimita 13 na nusu. Lilaze juu ya kamba katika sehemu hizo, na mlio utadumu. Ukilishikilia katikati, unakufa papo hapo. Kuwa mwangalifu unapokata. Nusu ya urefu haikupi oktava moja juu (yaani noti ileile ikirudi kwa sauti ya juu zaidi, kama kutoka do ya chini hadi do ya juu), inakupa mbili. Kwa oktava moja, bomba hilo likate libaki sentimita 42 na nusu hivi. Kata refu kidogo, kisha upunguze kwa tupa huku ukisikiliza. Kichwa cha fimbo ya kupigia kizungushie vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Mlio unakuwa mtamu na hauumizi masikio.

Chupa za maji nazo zina mambo yake: ukizigonga, maji yakiongezeka sauti inashuka, ukipuliza mdomoni, inapanda.

Makopo ya dawa za wadudu au kemikali usiyaguse kabisa, hata yakioshwa. Kingo zilizokatwa zikunje kwa koleo na uzifunike kwa selotepu. Mtoto wa chini ya miaka 3 usimwachie manyanga peke yake, maana kifuniko kikifunguka punje huishia mdomoni, na zinaweza kumkaba koo.