Kutoka kuzunguka dunia hadi kuishi ndani ya Kosta: jibu kwa mleta uzi wa Tabora

Mkuu, umesema umezunguka nchi za watu miaka kadhaa, viza zimekuchosha, vyumba vya kulala watu wanane vimekuchosha, umerudi Tabora na sasa unataka kununua Kosta, yale mabasi madogo ya abiria, iliyostaafu ruti, ung'oe viti uhamie humo. Unauliza kama inawezekana, na kama maisha yanafanana na yale uliyozoea. Inawezekana, mimi naishi hivyo. Kufanana, hapana.

Huko nje nilikuwa mgeni wa kulipa. Istanbul, Hanoi, Lisbon, kote ni yaleyale: unatoa pasipoti, unapewa ufunguo, bomba likivuja unamwita mtu wa mapokezi. Na sisi wa pasipoti ya Tanzania tunaijua Schengen, siku 90 ndani ya kila siku 180, kwa hiyo hata ukipapenda mahali unakaa huku unahesabu tarehe ya kuondoka. Jirani hakujui na wala hana haja. Kwenye basi umebeba nyumba yako, fundi bomba ni wewe, mlinzi ni wewe, na ukizima injini tu tayari una majirani wenye maswali.

Zile video za Wazungu waishio kwenye magari hazitakusaidia hapa. Wao wanaegesha ufukweni usiku, alfajiri wameondoka. Fanya hivyo pembeni mwa kijiji Sikonge au Urambo, gari kubwa lenye mapazia na halina abiria, uone kama saa tatu usiku sungusungu hawajakuzunguka. Tena wana haki. Mimi huingia mchana, nauliza kwa mwenyekiti wa kijiji, nasalimia, naandika jina kwenye daftari la wageni na kusema nitakaa hadi lini. Mara nyingi naonyeshwa mahali pazuri kuliko nilipopafikiria mwenyewe, karibu na zahanati au kwenye uwanja wa shule wakati wa likizo. Si jambo geni huku. Misafara ya karne ya 19 iliyokuja Unyanyembe, hapa hapa Tabora, haikupita kimya kimya kwenye nchi za watemi, ushuru ilitoa. Mimi sidaiwi shanga wala vitambaa, naacha watu wachungulie ndani. Na watachungulia! Mama mmoja alikagua jiko, akabonyeza godoro, kisha akauliza mke wangu analala upande gani. Niliposema sina mke, kikao kikaanza upya.

Sasa gari. Usidanganywe na rangi mpya. Ingia uvunguni na nyundo ndogo, gonga sakafu, ngazi za mlangoni na kingo za madirisha. Injini inafufuliwa na fundi yeyote mzuri wa dizeli, ila bodi iliyoliwa na kutu itakula pesa yako yote kwa fundi wa kuchomelea. Ukishatoa viti, hilo si gari la abiria tena: nenda TRA ubadilishe matumizi, utoke kwenye namba nyeupe za biashara uende za njano, na bima iendane na kadi mpya ya gari. Bila hivyo kila kituo cha trafiki utaulizwa abiria wako wapi.

Utashawishika kujenga kwa mninga kwa sababu Tabora ndiyo kwao. Mbao nzuri, lakini nzito. Tumia plaiwudi kwenye makabati, mninga uubakize kwenye meza tu. Maji nayo ni uzito: lita 200 ni kilo 200, kwa hiyo tangi likae chini, karibu na ekseli, kamwe si juu ya paa.

Joto la Oktoba unalijua, nyuzi zinapita 30 na paa ni bati tupu. Kabla ya urembo wowote, weka sponji ngumu ya kuzuia joto juu na ubavuni, kisha dirisha la paa la kutolea hewa. Hapo hapo kwenye paa kinacholeta mabishano ni sola, na hesabu yake ni hii. Paneli ya wati 300 kwa saa 5 za jua kali inatoa wati-saa 1,500 kwenye karatasi, kiuhalisia pungufu. Betri za asidi za ampea-saa (Ah) 200, volti 12, zina wati-saa 2,400, ila ukizishusha chini ya nusu unaziua mapema. Hapo unapata taa, simu, feni na friji dogo la volti 12. Pasi na hita sahau.

Pika kwa gesi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni, kwa hiyo toboa tundu la hewa chini kabisa kwenye kabati la mtungi. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata usiku wa baridi wa Julai. Moshi wake usioonekana unaua watu usingizini. Choo changu ni ndoo na vumbi la mbao, ambalo maseremala wa Tabora wana furaha ukiwapunguzia.

Rangi, tafadhali, usipake bluu wala nyeusi. Mbung'o, ndorobo tunaowaita huku, hufuata kitu kikubwa kinachotembea, na hizo rangi mbili ndizo zinazowavuta. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Ukichukua barabara ya Mpanda kupitia misitu ya miombo utanikumbuka. Nyeupe inasaidia pia kwenye joto. Nyavu za madirisha zifungwe kabla ya safari hiyo, si baada.

Mvua zikianza Novemba, mimi husogea karibu na lami na kutulia hadi Aprili. Barabara za vijijini wakati huo si za basi.

Kama Kosta umeshaiona, weka hapa picha za uvunguni na za kingo za madirisha, pamoja na bei anayotaka mwenye gari. Za viti usihangaike nazo, tunavitoa.