Presha 110/70: Mama Yuko Salama?

SWALI: Wanafunzi wetu wa uuguzi wanafanya maswali ya kuchagua majibu kwenye simu na kupata 80 kwa 100, lakini wakifika wodi ya wazazi wanasubiri kuambiwa la kufanya. Tuna kompyuta mbili, wanafunzi 30, na bando la intaneti halimalizi wiki. Tufanyeje? – Mkufunzi, Mbale

JIBU: Mkufunzi, swali la kuchagua humkabidhi mwanafunzi dalili zikiwa zimeshapangwa. Wodini hakuna wa kumpangia. Intaneti wala huihitaji. Slaidi za PowerPoint zenye viungo (ukibofya kitufe unapelekwa slaidi nyingine) zinatosha.

Tunga kisa cha mama mmoja anayevuja damu baada ya kujifungua. Slaidi ya kwanza, dakika 15 baada ya kujifungua: mapigo 84, presha 118/72. Ya pili, nusu saa baadaye: mapigo 104, presha 110/70. Usiandike kwamba pedi imelowa wala kwamba mfuko wa uzazi umelegea. Vifiche nyuma ya vitufe: "Gusa tumbo", "Kagua pedi", "Uliza alikojoa lini" (kibofu kikijaa, mfuko wa uzazi haukazi vizuri). Asiyebofya haoni, kama vile asiyefunua shuka asivyoona damu.

Wengi watasema presha iko sawa. Waambie wagawanye mapigo kwa namba ya juu ya presha: 84 kwa 118 ni 0.71, 104 kwa 110 ni 0.95. Kwa mzazi, jibu likipita 0.9 ni onyo kwamba huenda anapoteza damu nyingi, hata kama presha yenyewe bado inapendeza.

Kabla ya kusonga mbele, kila mmoja aandike daftarini: nimeona nini, nadhani kuna nini, naanza na lipi. Wakitangulia kubofya, wote watadai walijua. Aliyekosea usimwekee alama nyekundu. Mpeleke dakika 10 mbele: mapigo 124, presha 88/50, shuka limelowa. Atarudi mwenyewe kutafuta alipoteleza.

Zima kupita slaidi kwa kubofya popote, la sivyo watavuka bila kuamua. Viungo navyo hufunguka kwa mbofyo wa kawaida slaidi zikiwa kwenye maonyesho, si kwenye kuhariri. Jaribu kabla ya kipindi.

Watu 5 kwa kompyuta, kwa zamu tatu: dakika 15 za kisa, 30 za mjadala. Mjadala usiuanze na jibu sahihi. Anza na yule aliyegusa tumbo: ni kitu gani kilimfanya aguse?