Kabla ya kudai, keti naye kwanza

Nilipochaguliwa kuwa presidenti wa AVEC yetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, hapa Goma, nilidhani kuongoza ni kusoma majina na kutoza amande, yaani faini. Tulikuwa akina mama 25, wengi wachuuzi wa soko la Kituku. Sanduku letu ni la chuma, lina makufuli matatu; funguo zinakaa kwa watu watatu, sanduku kwa wa nne. Benki za mji zilipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, wengi wetu tulibaki na akiba hiyo tu.

Mwanzoni kabisa, muuza sambaza mmoja, wale samaki wadogo wa ziwani, alikosa mikutano mitatu. Nikamsema mbele ya wote kwamba anatuchezea. Maneno yakamfikia, akaacha kuja, na wenzake wawili wakamfuata.

Yaya mmoja, dada mkubwa wa kikundi, akanishika mkono tukaenda kwa yule muuza sambaza. Tulimkuta anachambua maharage kwenye lungo, mtoto mgongoni ana homa. Beseni la sambaza lilikuwa limefunikwa kando ya mlango, kavu, hata harufu ya samaki halina. Yaya hakugusia deni. Alivuta bidoni, akaketi, akaanza kuchambua naye. Ikapita kama robo saa. Ndipo yule mama akasimulia mwenyewe: mtaji wote umeishia dispensari.

Na mfuko wa mshikamano tulikuwa nao! Kila mkutano tunatia franka kidogo kwa ajili ya shida kama hiyo. Nilimwomba msamaha palepale, na juma lile akasaidiwa.

Dada unayeongoza kikundi, mtu akikosa mara moja, nenda kwake kabla ya mkutano wa pili. Daftari liache nyumbani. Kama wewe ni kijana na yeye ni mtu mzima, ongozana na wa rika lake. Wapo watakaosema huo ni ulaini wa kike. Mimi naona ndio unaotufanya tuaminiane. Amande ya kuchelewa bado tunatoza, hata mimi nalipa.

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, tuliamriwa kuhama. Tukatawanyika Sake, Minova, Gisenyi, na funguo zikatawanyika nasi. Tuliporudi, zote tatu zilikuwapo, na pesa ilikuwa kamili. Wakati huo ufunguo mmoja alikuwa nao yule muuza sambaza. Alikuja nao umefungwa kwenye pindo la kikwembe, fundo limekaza hata ikabidi tulifungue kwa meno.