Barua za Msituni: Asilimia 80, fito za kaya na mkataba wa kaboni

Shikamoo bibi. Niko mwaka wa tatu chuo kikuu, Nairobi. Mhadhiri alitufundisha kwamba asilimia 80 ya viumbe hai duniani wamo katika ardhi za jamii za asili. Nikaiandika kwenye insha, nikasimama kuitetea, na mwenzangu akanicheka kwamba takwimu hiyo ni ya kubuni. Mimi ni mjukuu wa mzee wa kaya. Niliona kama babu ndiye aliyeitwa mwongo. Ukweli ni upi?
*Mjukuu wa Rabai*

Marahaba, mjukuu wangu. Mwenzako amesema kweli, ila kicheko angekiweka.

Takwimu hiyo imetembea miaka mingi. Imo kwenye ripoti za mashirika makubwa, viongozi wameisema majukwaani, na mimi mwenyewe nimeitaja barazani Kwale mbele ya wazee walioniamini. Septemba 2024 kundi la watafiti, wakiwamo watu wa jamii za asili wenyewe, waliandika katika jarida la Nature kwamba wameifuatilia andiko kwa andiko na hawakumwona popote aliyehesabu. Na angehesabuje? Wadudu na kuvu walio wengi hawajapewa hata jina.

Ifute. Badala yake andika hivi: utafiti wa mwaka 2018 ulichora ramani ukaona jamii za asili zinamiliki au kusimamia kilomita za mraba milioni 38 hivi katika nchi 87, yaani karibu robo ya nchi kavu yote, na kwamba ardhi hizo zinagusa karibu asilimia 40 ya maeneo ya hifadhi na ya mandhari ambayo hayajavurugwa. Mwaka uliofuata, jopo la kimataifa la wanasayansi wa bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, liitwalo IPBES, likasema viumbe wanapungua hata huko, lakini polepole kuliko kwingine. Hilo la mwisho lipigie mstari, maana linasema mambo mawili kwa pamoja: wenyeji wanalinda, na wenyeji wanazidiwa.

Babu yako hakuwahi kudai asilimia yoyote. Nami nimwambie msomaji asiyejua kaya ni nini. Ni vijimsitu vya Wamijikenda, makabila yetu tisa ya pwani ya Kenya, ambamo wahenga walijenga miji yao yenye maboma. Watu walihama, makaburi na fingo, ile kinga ya mji iliyozikwa ardhini, vikabaki, na msitu ukaachwa usimame juu yao. Vingine havizidi hekta kumi.

Nilikuwa na miaka minane au tisa babu mzaa mama aliponichukua hadi ukingoni mwa Kaya Kinondo. Njiani nikaokota bungo, limeiva, la manjano, limejidondokea lenyewe. Hakunikaripia. Alinishika mkono tukarudi nyuma mpaka pale nilipoliokota, akanionyesha kishimo kilichobaki kwenye majani makavu, akaniambia nilirudishe mle mle. Nililigeuza mara mbili hadi likakaa kama lilivyokuwa. Ndipo akasema, "Lina wenyewe."

Miaka mingi baadaye, nikiwa bibi misitu mwenye buti na daftari, niliingia kaya nyingine na mzee mmoja wa ngambi, baraza la wazee wa kaya. Tulikuta kisiki cha mbambakofi kimefunikwa majani. Mimi nikatoa futi ya kupimia. Yeye akachuchumaa, akakigusa kwa kidole, akasema mti huu umekatwa tangu Ijumaa, kwa msumeno, na aliyeukata alikuwa na haraka kwa sababu hakusubiri kukata matawi. Jumatatu yule kijana alipatikana. Alitozwa mbuzi na kuku, msitu ukafanyiwa tambiko, na mamake akalia mbele ya watu. Ofisini kwetu kesi kama ile ingemaliza mwaka mzima.

Hayo ndiyo wataalamu wa mimea waliyoyakuta walipoanza kuorodhesha miti ya kaya miaka ya 1980: mimea adimu imesimama ndani ya vijimsitu vidogo, na pande zote mashamba yameshafyekwa. Mwaka 1992 serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa. Mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kaya kadhaa katika Urithi wa Dunia. Na mwaka 2009, hili wengi hawalisemi, UNESCO hiyo hiyo ikaziweka mila zenyewe za kaya kwenye orodha ya zile zinazohitaji kuokolewa kwa dharura. Misitu ikaandikwa kama hazina, na mila zinazoilinda zikaandikwa kama mgonjwa mahututi. Mwulize mhadhiri wako inawezekanaje kimoja kipone bila kingine.

Bibi, wewe kila siku kusifu wazee. Nina miaka 26, najenga chumba cha udongo, masika yanabisha hodi, na nimekatazwa fito za kaya. Fito za mikoko ni ghali. Watalii wanaingia kaya, pesa zinaingia, mimi sizioni. Wazee wanalinda msitu au wanajilindia tumbo?
*Kijana wa Msambweni*

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Hasira yako ina haki nusu, na nusu hiyo nitaanza nayo.

Kaya Kinondo imekuwa ikipokea wageni tangu 2001. Mgeni analipa kiingilio. Pesa ya kiingilio si ya mzee mmoja wala ya ngambi peke yake, ni ya watu wanaoambiwa wasikate. Basi nenda barazani, wewe na wenzako watano, mkae, muombe hesabu zisomwe kwa sauti: kiasi gani kimeingia, kimekwenda wapi. Ombeni kwa heshima, lakini msiondoke bila jibu. Mzee anayechukizwa na swali hilo anaudhoofisha msitu kuliko panga lako. Nasema hivi nikiwa mtoto wa nyumba hiyo hiyo.

Sasa nusu ya pili. Kinondo ni hekta 30 tu. Chumba kimoja kinakula korja ngapi za fito? Unajua mwenyewe, umeshaanza kukisimamisha. Zidisha kwa vijana wote wanaojenga kutoka Diani hadi Gazi. Masika mawili, kaya imekuwa kichaka cha mbuzi, na wewe bado utahitaji fito za kukarabati.

Tembea hapo Gazi, si mbali na kwenu. Tangu 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vina mradi wa Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117 za mikoko, wanauza kaboni, yaani wanalipwa kwa hewa ukaa ambayo miti yao inaihifadhi, na fedha zinaamuliwa na wanakijiji: maji, vitabu vya shule. Si fedha nyingi, mtu hatajirika nazo. Lakini muulize mama yeyote pale bombani pesa ya mikoko imefanya nini, atakujibu akiwa bado ameshika ndoo. Na walijua kama wewe unavyojua kwamba ukimkataza mtu mkoko bila kumpa mti mwingine, atakwenda kuukata usiku. Wakapanda mivinje. Mvinje wa miaka minne au mitano ni boriti. Ukipata hata robo ekari ya babako, uipande mvinje mwaka huu. Kwa chumba cha sasa, zungumza na wazee kuhusu miti iliyoanguka nje ya mpaka; nimeona wakikubali.

Jambo moja limenikaa moyoni, nalo si lako peke yako. Hawa wazee mnaowaona wakali wanapungua. Huko Kilifi wapo waliouawa kwa kuitwa wachawi, na mara nyingi ukilifunua neno uchawi, chini yake kuna shamba. Nimekaa matanga ya mzee aliyekuwa peke yake akijua fingo la kaya yao limezikwa wapi. Wanawe walikuwa Mombasa na Nairobi, wameshika simu, hawakuwahi kumwuliza. Jioni ile tulizunguka msituni na tochi tukitafuta mahali ambapo hakuna aliyepajua. Ukishadai hesabu zako barazani, baki. Kaa karibu na mmoja wao. Mbebee jembe.

Mama, mimi ni mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji, wilaya ya Kilwa. Kampuni imetuletea mkataba wa kaboni wa miaka 40 na mwenyekiti anataka tusaini wiki hii. Pia binti yangu anasema dunia imepitisha asilimia 30 ya nchi iwe hifadhi. Je, tutahamishwa?
*Mjumbe, Kilwa*

Ndugu mjumbe, msisaini wiki hii. Hilo kwanza.

Mimi ni wa upande wa pili wa mpaka, lakini sheria yenu naionea wivu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakipa kijiji nafasi ya kutenga msitu wake na kuusimamia. Mwenyekiti si mwenye msitu. Jambo kama hili linakwenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wanawake wakiwamo, muhtasari ukaandikwa. Nanyi wa Kilwa mna uzoefu: mwaka 2009 vijiji vya wilaya yenu vilipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa mpingo unaovunwa kwa utaratibu. Waiteni wazee waliokuwamo katika kamati hizo wakae nanyi siku moja.

Kuna mkataba mmoja niliwahi kuonyeshwa, sitasema wapi. Kurasa thelathini na kitu za Kiingereza, na ukurasa mmoja wa Kiswahili. Ule wa Kiswahili ulisema kijiji kitanufaika. Ule wa Kiingereza ulisema kijiji kikivunja mkataba kitalipa. Aliyetafsiri alikuwa mtu wa mnunuzi. Kwa hiyo dai mkataba wote uje kwa Kiswahili, na muutafutie mwanasheria wenu, si wao. Ulizeni tani moja ya kaboni itauzwa bei gani na nani ataiona risiti. Ulizeni kama mama anayeokota kuni na mrina asali wataendelea. Ulizeni mtatokaje mkichoka kabla ya miaka 40, na moto ukiingia kutoka kijiji jirani hasara ni ya nani. Kampuni yenye nia njema hukaa ikajibu. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, huko Mbulu, wanauza kaboni ya msitu wao na wanaendelea kurina asali humo, lakini mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya pamoja ya ardhi yao. Ukiwa na hati mkononi, unazungumza na mgeni kama mwenye nyumba.

Kuhusu binti yako: amesoma vizuri. Desemba 2022, Montreal, nchi zilikubaliana kwamba kufikia 2030 asilimia 30 ya nchi kavu na ya bahari iwe imehifadhiwa. Lakini azimio hilo hilo linataka haki za jamii za asili na wenyeji ziheshimiwe, ardhi zao zikiwamo. Na mwaka 2024, huko Cali, Kolombia, jamii hizo zikapewa chombo chao cha kudumu ndani ya mkataba wa kimataifa wa bioanuwai.

Je, karatasi inatosha? Hapana. Waogiek wa msitu wa Mau, kwetu Kenya, walifukuzwa kwa jina la kulinda msitu. Walikwenda Mahakama ya Afrika, Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 wakashinda. Mahakama ikasema kulinda msitu hakukuhalalisha kuwafukuza. Mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi milioni 157.85. Mwaka 2023 nyumba zikabomolewa tena Mau. Hata walioshinda mahakamani wamelala nje. Ndiyo maana nakusisitizia kilicho mkononi mwenu leo: mipaka, cheti cha ardhi ya kijiji, mpango wa matumizi bora ya ardhi, sheria ndogo zilizopitishwa.

Tena mnao ushahidi wa nyumbani. Duru-Haitemba, Babati, mwanzoni mwa miaka ya 1990: serikali ilitaka kuugeuza msitu ule wa miombo kuwa hifadhi yake. Watu walipoona unachukuliwa, wakaukata kwa fujo, kila mtu akiwahi fungu lake. Baadaye mpango ukabadilishwa, vijiji vinane vikakabidhiwa, kila kijiji na kipande chake. Vikaweka walinzi wao, vikapiga marufuku kuchoma mkaa, vikatoza faini. Watu wale wale, panga zile zile. Kilichobadilika ni jibu la swali moja: msitu huu ni wa nani? Usomee mkutano wenu kisa hiki kabla ya kuufungua mkataba.

Niandikie tena baada ya mkutano. Nataka kujua akina mama walisema nini.

Salaam kutoka Muscat. Bibi yangu alikuwa Mdigo wa Tiwi, sijawahi kuiona kaya. Nikija likizo Desemba nitaruhusiwa kuingia, au ni ya Wamijikenda tu?
*Msomaji, Oman*

Karibu nyumbani. Kaya nyingi hazipokei wageni, na hilo tuliheshimu. Kinondo inapokea. Usiende peke yako kwa ramani ya simu. Ingia na mwongozaji wa pale pale kijijini. Utapewa kaniki ujifunge kiunoni, mwanamke kwa mwanamume. Utaambiwa usibusiane na mtu humo ndani, na usipige picha mpaka umeuliza. Mwambie mwongozaji jina la bibi yako na la babake kama unalijua. Atakusimamisha mbele ya mti mkubwa na kukuambia uukumbatie. Fanya, wala usione haya. Ukitoka, kagua viatu na ukung'ute begi kabla hujavuka ukingo, kwa sababu vijani na mbegu hujiingiza vyenyewe, na havitakiwi kutoka humo.